Methionini kwenye chakula cha kuku wa mayai: mwongozo kamili kwa wanaochanganya nyumbani Unguja na Pemba

Lalamiko ni lile lile kila mwezi: "Nimetia methionini, lakini mayai bado madogo na kuku wanadonoana mpaka damu." Ukiuliza imetiwa kiasi gani, unaambiwa vijiko viwili vitatu kwa gunia. Ukiuliza imechanganywa vipi, imemwagwa juu ya rundo la mahindi likageuzwa mara mbili kwa koleo. Mwengine ameitia kwenye maji ya kunywa, na jioni chini ya chombo kumebaki unga mweupe.

Unga wenyewe, kirutubisho cha kujenga protini, mara nyingi hauna kosa lolote. Kinachoangusha watu ni kutopima, kutosoma lebo na kutochanganya sawasawa. Gramu 100 zinatakiwa zienee ndani ya kilo 100, kila kuku apate sehemu yake, na hilo haliwezekani kwa kukisia.

Hapa tunafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kilo 100 za chakula cha kuku wa mayai walioanza kutaga. Usiwape vifaranga wala kuku wa nyama fomula hii. Chokaa iliyomo ni kwa ajili ya ganda la yai, na kwa kuku asiyetaga chokaa nyingi hivyo huharibu figo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Methionini ya unga ya mifugo, yenye usafi wa asilimia 99
- Mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na mizani kubwa ya kilo
- Beseni dogo, beseni kubwa na ndoo yenye mfuniko, vyote vikavu kabisa
- Turubai safi au sakafu ya saruji iliyofagiwa ikakauka, na koleo mbili
- Barakoa inayobana pua na mdomo, miwani ya kinga, glavu, nguo ya mikono mirefu
- Kopo lenye mfuniko wa kubana, na kalamu ya wino usiofutika
- Bizari ya manjano kijiko kimoja cha chakula (sababu yake utaiona hatua ya 6)
- Daftari

Mizani ya jikoni ijaribu kabla ya kuiamini. Weka chupa tupu, isomeshe sifuri, kisha tia maji nusu lita uliyoyapima vizuri. Isome gramu 500 au karibu sana na hapo. Ikikupa 460 au 540, tafuta mizani nyengine. Kila kitu kinachofuata kinategemea namba hiyo.

## Hatua ya 1: Jua unachonunua

Methionini ni asidi amino, yaani moja ya vipande vidogo vinavyoungana kuwa protini. Mwili wa kuku hauwezi kuitengeneza, lazima aile. Fomula yake ya kikemia ni C5H11NO2S. Hiyo S ya mwisho ni salfa, na hapo ndipo penye kazi yake kubwa kwa kuku: manyoya yamejengwa kwa keratini, protini yenye salfa nyingi, na salfa hiyo kuku huipata kwenye methionini na asidi amino mwenzake iitwayo sistini.

Kwenye chakula cha mahindi na soya, methionini ndiyo inayowahi kupungua kuliko asidi amino zote. Ikipungua, hata protini nyengine uliyoinunua kwa bei haitumiki ipasavyo. Kuku huivunja na kuitoa kwenye kinyesi, ndipo banda linaanza kunuka amonia. Yai linakuwa dogo, manyoya yanakuwa dhaifu, na tabia ya kudonoana inazidi.

Kwenye mfuko utakuta maandishi "DL-Methionine" na asilimia 99. D na L ni maumbo mawili ya kitu kimoja, moja ni taswira ya jengine kwenye kioo. Mwili wa kuku unaweza kuigeuza D kuwa L, kwa hiyo hupotezi kitu. Laisini, asidi amino nyengine, haina bahati hiyo: D yake kuku hawezi kuitumia, ndiyo maana laisini ya dukani huandikwa "L-Lysine HCl" peke yake. Usichanganye mifuko hii miwili. Zote ni unga mweupe au wa rangi ya maziwa, na wauzaji wengi huzifungua na kuuza kwa kipimo katika mifuko ya nailoni isiyo na jina.

Methionini halisi ni fuwele ndogo nyeupe zenye harufu ya salfa, hafifu lakini ya wazi. Kama umenunua ya kupimiwa, fanya jaribio hili:

1. Tia nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji safi ya vuguvugu.
2. Koroga kwa dakika kadhaa. Mwanzo itaelea kidogo kwa sababu hailowani upesi.
3. Mwisho maji yawe angavu na chini kusibaki kitu.

Ikibaki tope nyeupe chini, mwaga maji ya juu, kamulia ndimu kwenye tope hilo. Likitoa mapovu, umeuziwa chokaa ndani yake. Maji yakibaki na weupe kama ya kuoshea mchele, tia tone la iodini ya vidonda. Yakigeuka buluu nzito, kuna wanga au unga wa muhogo. Usiionje, na usiichome moto kuipima kama wengine wanavyofundishana: ikiungua hutoa gesi za salfa zinazokwangua mapafu.

Jaribio hili linakukamatia udanganyifu wa kawaida tu. Haliwezi kukwambia kama usafi ni 99 au 90. Kwa hilo, nunua mfuko uliofungwa kiwandani wenye tarehe, hata kama mtajikusanya wafugaji watatu wanne kuununua.

Kwa nini usitie kwenye maji ya kunywa. Lita moja ya maji ya joto la kawaida huyeyusha gramu 33 hivi za methionini, tena polepole. Ukiimwaga ndooni kwa haraka, sehemu kubwa inazama. Juu ya hapo, siku ya jua kali kuku hunywa maji mengi mno, siku ya mvua machache, na wewe huna tena habari nani amepata kiasi gani. Maji yaliyotiwa dawa ya klorini huiharibu pia.

Methionini ya maji. Ukikuta dumu la kimiminika kizito cha kahawia kinachoitwa methionini, liache. Ni kitu cha jamii hiyo lakini kina asidi kali, kinachoma ngozi na macho na kula chuma, na hakibadilishwi na unga gramu kwa gramu. Ni cha viwanda vyenye pampu maalumu.

*Umefaulu hatua hii ikiwa:* una unga mmoja unaoujua jina, umeyeyuka wote kwenye glasi, na umeuandika jina kwenye kopo lake.

## Hatua ya 2: Soma lebo ya premiksi

Hapa ndipo watu wengi wanapotia mara mbili bila kujua. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na konsentreti (mchanganyiko wenye protini nyingi) mara nyingi zina methionini tayari. Tafuta jina lake kwenye orodha ya viambato.

Tuseme lebo inasema kila kilo ya premiksi ina methionini miligramu 200,000. Hiyo ni gramu 200 kwa kilo. Fomula yetu inatumia premiksi gramu 250, kwa hiyo ndani yake tayari kuna gramu 50. Ulitakiwa utie 100, sasa tia 50.

Kama unatumia chakula cha kiwandani kilichokamilika, usiongeze kitu. Kimeshapigiwa hesabu. Kati ya asidi amino zote, methionini ndiyo inayoleta madhara makubwa ikizidi: kuku hupunguza kula, uzito unashuka na mayai yanapungua, yaani unapata dalili zile zile ulizokuwa ukizikimbia, kwa gharama kubwa zaidi.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kusema kwa gramu, premiksi yako inaleta methionini kiasi gani. Lebo isipotaja, hesabu ni sifuri.

## Hatua ya 3: Kagua malighafi

Methionini haiwezi kuokoa malighafi mabovu. Mahindi na mashudu yetu kwa sehemu kubwa yanavuka bahari kutoka bara, na gunia likirowa bandarini au kwenye chombo, ukungu unaanza kabla halijafika kwako.

Mahindi. Uma punje. Ikatike kwa mlio. Ikibonyea, anika kwanza. Yenye ukungu au harufu ya uvundo usiyatumie kabisa, kwa sababu ya sumukuvu. Hakuna asidi amino inayoifuta.

Soya. Mashudu ya kiwandani yameshapata joto, hayo tumia. Soya nzima mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa, na huongeza hata hiyo haja ya methionini. Lazima ikaangwe mpaka harufu ya ubichi iondoke na rangi iwe ya dhahabu. Ikiungua ikawa nyeusi umeharibu upande wa pili: laisini imeshikana na sukari kwa moto, na kuku hawezi tena kuitoa.

Dagaa. Hapa tukae kidogo, maana dagaa wetu ni hazina na ni mtego. Dagaa mkavu mzuri ana protini karibu asilimia 60, na kwa methionini anapita mahindi na mashudu yote kwa mbali. Lakini dagaa wa visiwani wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Mfugaji anatia dagaa kilo nne, halafu anaongeza chumvi kama fomula ya kutoka bara ilivyoandika. Kuku wanakunywa maji kupita kiasi, kinyesi kinakuwa maji matupu, pumba za sakafuni zinalowa, na lawama inakwenda kwa methionini.

Onja dagaa mmoja. Akiwa na chumvi ya kuhisi ulimini, futa chumvi yote kwenye fomula. Akiwa mkali kiasi cha kutolika bila kuoshwa, waroweke kwenye maji baridi saa moja, wachuje, waanike chanjani wakauke tena mpaka wavunjike mkononi, ndipo uwasage.

Halafu mchanga. Tia dagaa gao moja kwenye beseni la maji, wapekeche, uone kinachozama. Walioanikwa chini ufukweni huja na mchanga mwingi, na mchanga unaulipia bei ya dagaa. Wenye harufu ya mafuta yaliyochacha waache, kwani harufu hiyo huweza kuingia mpaka kwenye yai.

*Umefaulu ikiwa:* kila kitu ni kikavu, hakina uvundo, na umeshaamua kuhusu chumvi.

## Hatua ya 4: Fomula na hesabu yake

Kwa kilo 100:

- Mahindi yaliyosagwa: kilo 56
- Mashudu ya soya: kilo 15
- Mashudu ya alizeti: kilo 10
- Pumba za mahindi: kilo 5
- Dagaa waliosagwa: kilo 4
- Chokaa ya mifugo au makombe ya pwani yaliyosagwa: kilo 8.5
- DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi): kilo 1
- Premiksi ya kuku wa mayai: gramu 250 (lebo yako ikisema vyengine, fuata lebo)
- Chumvi: gramu 150 (usitie kama dagaa wana chumvi)
- Methionini: gramu 100

Protini inakuja asilimia 17 hivi. Sasa tazama methionini inatoka wapi kabla hatujaongeza kitu, kwa wastani wa majedwali ya lishe ya kuku:

- Mahindi kilo 56 × asilimia 0.18 = gramu 101
- Soya kilo 15 × asilimia 0.62 = gramu 93
- Alizeti kilo 10 × asilimia 0.55 = gramu 55
- Dagaa kilo 4 × asilimia 1.6 = gramu 64
- Pumba kilo 5 × asilimia 0.17 = gramu 9

Jumla gramu 322 ndani ya kilo 100, sawa na asilimia 0.32. Ukitia gramu 100 unafika asilimia 0.42. Kuku anayekula gramu 110 kwa siku atapata miligramu 460 hivi. Bila kuongeza angepata 354. Kiwango cha chini kilichochapishwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994 kwa kuku mwepesi wa mayai meupe ni miligramu 300 kwa siku, lakini kuku wa kisasa wa mayai ya kahawia, wanaotaga karibu kila siku, hupewa zaidi ya 400.

Laisini kwa fomula hii inakuja asilimia 0.85, inatosha. Kwa hiyo usinunue laisini ya kuongeza maadamu dagaa na soya vipo. Ni pesa ya bure.

Dagaa wakiadimika. Siku za mbalamwezi kubwa uvuvi wa taa unalala na bei inapanda. Tuseme umeweka mashudu ya alizeti kilo 4 mahali pa dagaa. Methionini inapungua gramu 64 na kurudi 22, pengo ni 42. Kwa hiyo ongeza gramu 40, jumla 140. Laisini inapungua gramu 180 na kurudi 40, pengo ni 140. Laisini ya mfukoni imefungwa na kloridi, na ndani ya gramu 100 kuna laisini yenyewe kama gramu 78. Gawa 140 kwa 0.78, unapata gramu 180 za kutia. Protini nzima itashuka kuelekea asilimia 16, basi mashaka mawili yasiungane: usipunguze na soya wakati huo huo.

Kipindi cha kaskazi. Disemba hadi Februari joto huwafanya kuku wale kidogo. Anayeshuka mpaka gramu 95 kwa siku anapata miligramu 400 hivi tu kwa chakula kile kile. Ongeza methionini gramu 20 hadi 30 kwa kilo 100, sio zaidi, na lisha alfajiri na jioni.

*Umefaulu ikiwa:* daftarini kuna namba moja ya gramu, na unajua imetoka wapi.

## Hatua ya 5: Jikinge kabla ya kufungua mfuko

Methionini haina sumu kali kwa anayeishika, lakini vumbi lake linawasha macho, pua na koo, na mwenye pumu atateseka. Vaa barakoa, miwani na glavu. Kaa upande upepo unakotoka, lakini pasiwe na upepo wa kupeperusha unga, feni zizimwe.

Vumbi lake, na la mahindi pia, likitanda hewani kwa wingi linaweza kushika moto kwa kishindo. Hapo pasiwe na jiko la mkaa, sigara wala kuchomelea chuma. Pasiwe na kifyagio cha kutimua vumbi pia. Fagia taratibu baada ya unga kutua.

Likiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusugua, na ukiendelea kuona ukungu au maumivu nenda hospitali. Ukimaliza kazi, nawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Na hili nalitilia mkazo kuliko yote ya hatua hii: unga huu unafanana na sukari, chumvi na unga wa ngano. Usiuhifadhi jikoni hata siku moja, wala kwenye chupa ya maji au kopo la maziwa ya watoto. Mtoto akiula, mpeleke kituo cha afya pamoja na kopo lenyewe ili wajue amekula nini.

## Hatua ya 6: Changanya kwa ngazi

Hii ndiyo hatua inayotenganisha wanaofaulu na wanaokwama. Gramu 100 ukizimwaga moja kwa moja kwenye kilo 100, kuku mmoja atakula fungu zima na hamsini watakosa. Lazima uikuze kidogo kidogo, na kila ngazi ilingane kabla ya kupanda nyengine.

Chukua pumba laini na mahindi yaliyosagwa laini kutoka kwenye kilo zile zile za fomula, usiongeze juu yake. Yawe laini kwa sababu unga mdogo hauwezi kushikana na chembe kubwa za paraza. Unachuruzika mpaka chini ya gunia.

1. Ngazi ya kwanza, gramu 500. Beseni dogo. Tia methionini gramu 100 na unga laini gramu 400. Changanya kwa mkono wenye glavu, ukipekecha kati ya viganja, dakika tano. Vunja kila donge.
2. Ngazi ya pili, kilo 2 na kidogo. Ongeza unga laini kilo 1.5. Premiksi, na chumvi kama unatumia, zitie hapa. Tumia ndoo yenye mfuniko ijae nusu tu, funga, biringisha chini huku na huku dakika tano. Ndoo iliyojaa haichanganyi kitu.
3. Ngazi ya tatu, kilo 10 hivi. Mimina kwenye beseni kubwa, ongeza kilo 8 kidogo kidogo huku ukigeuza.

Mara ya kwanza, fanya mazoezi bila methionini. Mahali pake tia kijiko kimoja cha manjano, kwenye unga mweupe wa mahindi, na uzipande ngazi mbili za mwanzo. Kisha tandaza unga kwenye karatasi na uutazame juani. Ukiona michirizi au madoa ya njano, basi na methionini yako ingekaa hivyo hivyo, ila usingeiona. Endelea mpaka rangi iwe moja. Utajua ni dakika ngapi zinatosha kwa mikono yako na vyombo vyako, na huo unga hauharibiki, kuku wanaula.

*Umefaulu ikiwa:* beseni la kilo 10 lina rangi moja, halina donge, na ukinusa pembe zote harufu ni ile ile.

## Hatua ya 7: Rundo kubwa

Tandaza mahindi yaliyobaki kwenye turubai, unene wa kiganja. Juu yake mashudu, kisha dagaa, kisha chokaa na DCP, kila kimoja kwa tabaka. Zile kilo 10 zinyunyize mwisho, pote, sio katikati tu.

Watu wawili wenye koleo wasimame wakitazamana. Hamisheni rundo zima kwenda upande wa pili, kila koleo limwagwe juu ya ncha ya rundo jipya ili lishuke pande zote. Mkimaliza mmehamisha mara moja. Rudieni mara nne au tano. Mara mbili hazitoshi, hata kama jicho linasema zimetosha.

Chokaa ikitokeza kama mistari mieupe, endeleeni. Jazeni magunia siku hiyo hiyo. Rundo likilala wazi usiku wa mvua linanyonya unyevu.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Methionini iliyofungwa vizuri mahali pakavu hukaa muda mrefu bila kuharibika. Laisini ina udhaifu: inavuta unyevu wa hewa na kuganda, na hewa yetu ya bahari haiisamehi. Zote mbili fungia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, ndani ya mfuko mwengine. Andika jina, tarehe na maneno CHAKULA CHA KUKU, SI CHA BINADAMU. Weka juu, chini ya kufuli, mbali na dawa za klorini za kuoshea banda.

Magunia ya chakula yakae juu ya mbao, yasiguse ukuta. Wakati wa masika changanya cha wiki mbili tu.

## Hatua ya 9: Soma matokeo

Usihukumu kwa jicho. Kila wiki, siku ile ile, pima trei moja ya mayai 30 na uondoe uzito wa trei tupu. Ikisoma kilo 1.65, wastani ni gramu 55 kwa yai. Andika, pamoja na kilo za chakula walizokula.

Siku tatu nne za mwanzo tazama ulaji tu. Usishuke. Uzito wa yai huanza kusogea ndani ya wiki mbili tatu ikiwa methionini ndiyo iliyokuwa imepungua. Harufu ya amonia inapungua pia. Manyoya yanachelewa, hayo yasikukatishe tamaa. Yaliyokwisha kung'olewa hurudi polepole.

Yai likibaki vile vile baada ya wiki nne na hesabu zako ni sahihi, tafuta kwengine: mwanga usiofika saa 16 kwa siku, utitiri kwenye viota, minyoo, maji ya moto kwenye mapipa ya juani, au kuku wengi kuliko banda. Kudonoana hasa huchochewa na msongamano na mwanga mkali, na methionini peke yake haitaizima tabia hiyo. Mwite bwana mifugo wa shehia.

Ulaji ukianguka ghafla siku unayofungua gunia jipya, acha kulisha mara moja na uwape chakula cha awali. Onja chumvi ya dagaa, kisha rudi kwenye daftari. Kama umetia kilo 1 mahali pa gramu 100, chakula hicho hakijapotea. Kila kilo 10 zake zina methionini gramu 100. Chukua kilo 10, zichanganye na kilo 90 za fomula ile ile isiyotiwa methionini, kwa koleo kama hatua ya 7, na utapata kiwango sahihi. Magunia yaliyobaki yaandike "MARA KUMI" kwa herufi kubwa, uyafungie mbali na yale ya kulisha mpaka yaishe kwa mtindo huo.